Uzi Ndani ya Kola

Machi 2

Mvua imeanza, na mama mkwe wangu ameanza pamoja nayo. Tangu asubuhi ni "funga dirisha", "sogeza kamba", "nani kaacha ndoo mlangoni?" Kwa dobi, msimu wa mvua ni vita: nguo haziachi kuja, na zikija hazitaki kukauka. Nimeamua kuandika kila nikitoka kazini duka la dawa, maana nisipomsema mama huyu kwenye daftari nitamsema kwa mwanawe. Na mwanawe yuko safarini na lori lake, jibu lake nalijua: "Mvumilie, ndivyo alivyo."

Tunaishi vyumba vya nyuma, duka la dobi liko mbele. Ukitaka kwenda barabarani lazima upenye katikati ya mashati ya watu.

Machi 5

Leo nilikaa naye akitia alama. Kila mteja ana alama yake ya uzi ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali, ndogo kiasi kwamba wengi wao hata hawajui kuwa wanayo. Mlinzi wa benki ana mishono mitatu myekundu. Jirani yetu Mama Pacha ana mawimbi ya bluu. Karani mstaafu wa nyumba ya kona, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Kunyanzi kwa kuwa hajawahi kupokea shati bila kulikuta na kunyanzi, ana duara jeusi. Nilimuuliza mama kwa nini duara.

"Kwa sababu maneno yake hayana mwanzo wala mwisho," akasema, bila kucheka.

Hakuna mahali palipoandikwa alama ipi ni ya nani. Zote ziko kichwani mwake.

Nguo za nyumba hii hazina alama, anazijua kwa kuzishika tu. Isipokuwa zangu. Mimi nilikuwa mteja kabla sijaolewa, na mwanawe ndiye aliyekuwa akiniletea nguo zangu zikiwa na joto la pasi, mpaka tukafika tulipofika. Alama yangu ni jani la kijani. Niliwahi kumwomba aifumue. Akanijibu, "Bibi harusi, alama ya mteja haifumuliwi mpaka ahame au afe." Bado ananiita bibi harusi, na kila nguo mpya ninayonunua anaitia jani. Sijahama wala sijafa. Basi mimi bado ni mteja humu ndani, isipokuwa sasa naosha na vyombo.

Machi 6

Mzee Kunyanzi amerudisha shati lake jeupe. Kunyanzi kwenye mkono wa kushoto. Mimi sikuliona. Mama kalipiga pasi upya, kwa wanga kidogo.

Machi 9

Mlipuko sokoni, upande wa pili wa mji. Watu wamekufa, hawasemi wangapi. Bandeji zote dukani zimekwisha. Mama hajagomba na mtu siku nzima, na hilo limenitisha kuliko redio.

Machi 12

Askari walikuja asubuhi, nikiwa natafuta kiatu cha pili. Kipaza sauti kilituambia kila mtu abaki ndani. Wanawatafuta waliolipua soko, na kuna taarifa kwamba wamejificha mitaa hii. Haya, wawatafute. Nami nataka wapatikane. Nimewafunga vidonda watu waliotoka kule.

Kwetu waliingia wengi. Wengine walipanda juu ya paa ili waone uani kwa majirani, wakatembea pale mabati yasipokuwa na mbao chini yake, nikasikia bati likitoboka. Mama aliwaelekeza mlango wa mashine kubwa ya kufulia: "Subirini nifungue, unasukumwa kwanza ndipo unavutwa." Hawakusubiri. Waliupinda kwa mtaimbo. Ndani kulikuwa na mashuka.

Nilidhani watatoka. Ndipo mmoja wao aligeuza kola ya sare ya mlinzi wa benki akaona mishono mitatu myekundu. Akageuza ya pili. Akamwita mkuu wao. Wakaanza kumwaga kila kitu juu ya kaunta na kugeuza kola moja baada ya nyingine: nyekundu, bluu, nyeusi. Sare za ulinzi katikati ya mashati ya kiraia, zote zina alama za siri. Nikitazama kwa macho yao, hata mimi ningeogopa.

"Hivi ni vikosi," mkuu akasema. "Mama, nyekundu tatu ni nani?"

"Mteja."

"Jina lake?"

"Mteja wangu, afande. Hizo ni alama za dobi. Ili nguo zisipotee."

"Daftari la majina liko wapi?"

"Sina daftari."

"Duara jeusi je? Kiongozi wao?"

Pamoja na hofu, nusura nicheke. Mzee Kunyanzi kiongozi wa kikosi! Mtu asiyeweza kuvuka barabara bila kuilalamikia.

Mama hakutaja jina hata moja. Walimwuliza kwa upole, kisha kwa ukali. Nilifungua mdomo nimsaidie, maana majina machache nayajua, akanitazama. Nikaufunga.

Wakaanza kutia nguo kwenye magunia, za watu na za kwetu, na pasi zote. Alikuwa ametulia mpaka hapo. Alipoona mashuka mabichi yanashindiliwa pamoja na mashati makavu alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia: "Mbichi msichanganye na kavu! Zitaambukizana rangi! Nguo za watu hizo!"

Wakampakia na yeye kwenye gari.

Machi 13

Amerudi. Hana alama ya kupigwa, nimemkagua kama mtoto. Ameomba maji, akanywa, akaniuliza, "Nguo za watu ziko wapi? Walizishusha wapi?"

Sikumwelewa. Nilikuwa nalia.

Machi 14

Duka limefungwa kwa utepe na mlango umepigwa muhuri. Hakuna kupita mpaka uchunguzi ukamilike. Kwa kuwa mlango wetu wa barabarani ni huo huo mmoja, sasa tunatoka kwa ngazi, tunaruka ukuta na kushukia uani kwa Mama Pacha. Nimekwenda kazini na goti lenye chokaa. Mama naye anaruka, na umri wake ule, mkoba begani. Paa linavuja sehemu nne. Ndoo tunazo, tumshukuru Mungu. Nyumba ya dobi haikosi ndoo.

Machi 15

Wateja wamekuja. Kwa kuwa duka limefungwa walisimama uani kwa Mama Pacha na kutupigia kelele juu ya ukuta. Wanataka nguo zao. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza: sare za shule za watoto wake zimo, na watoto wamefukuzwa darasani. Mzee Kunyanzi alisema shati lake jeupe ndilo analoendea msikiti wowote, kanisa lolote na msiba wowote, na sasa akialikwa popote ataenda kifua wazi. Mmoja akasema pengine dobi kaziuza akasingizia operesheni.

Mama alipanda ngazi, kichwa chake kikatokea juu ya ukuta.

"Nguo zenu nilizipokea mimi," akasema. "Kudaiwa ni mimi. Nipeni muda."

Hakusema kwamba alilala ndani kwa ajili yao. Nilimvuta gauni kwa chini ili aseme. Akanipiga teke dogo.

Machi 18

Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye kituoni. Magunia yetu yapo, nimeyaona kwa macho yangu: yamelundikwa uwanjani, turubai moja lenye matundu juu yake, na mvua inanyesha. Mama aliyatazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

Mkuu wa operesheni si mtu mbaya. Macho mekundu ya kukosa usingizi. Alituambia utaratibu: mwenye nguo aje mwenyewe, aseme jina na anapoishi, ahojiwe, athibitishe nguo ni yake. Au dobi ataje orodha yote, kila alama na mtu wake, afunguliwe duka kesho. Mali ya nyumba ya dobi itabaki, maana nyumba hiyo ndiyo inayochunguzwa.

"Sisi tunalinda usalama wenu, mama," akasema.

"Mnaulinda, na ninashukuru. Sasa nguo za watu ziko wapi? Ziko mvuani. Mlizichukua kavu."

"Nipe majina nizitoe mvuani."

"Afande, mimi naona madoa ya mtaa mzima. Najua nani anatapika, nani analala na nani, nani analia kwenye mto. Sijawahi kulisema hata doa moja. Ukitaka wenye nguo, watafute mwenyewe. Ila nguo ziingize ndani."

Mkuu aliangalia turubai. "Nina magaidi wa kutafuta, mama."

"Nao wakipatikana watakuwa wamevaa nguo," akasema mama, akakaa kwenye benchi. Tulikaa mpaka jioni.

Machi 20

Mume wangu kapiga simu. Daraja limesombwa, amekwama na lori. "Mwambie mama ataje majina yaishe." Nimemwambia amwambie mwenyewe. Kakata.

Machi 21

Mvua. Mama kaenda kituoni.

Machi 22

Mvua. Kaenda.

Machi 24

Leo tumegombana hasa. Maji yalikuwa yamefika kitandani kwangu, nguo niliyobaki nayo ni hii ya kazini na ile niliyolalia. Zote zina jani. Nikamwambia kila kitu. Kwamba anawalinda watu wanaomtukana ukutani. Kwamba duka linaoza. Kwamba majina hayo hata si siri, kila mtu anajua mlinzi wa benki ni mlinzi wa benki!

Alinisikiliza huku akikamua kitambaa cha kupangusia sakafu. Kisha akasema zamani, baba mkwe wangu alipokuwa hai, kuna mtaa wa juu walifanyiwa msako kama huu. Mwenye nyumba mmoja alitaja wapangaji wake wote, kwa nia njema tu, apate kufunguliwa geti lake. Wanaume wawili kati yao hawakurudi mpaka mvua za mwaka uliofuata, na hawakuwa na kosa lolote.

"Wote wawili walikuwa wateja wangu," akasema. "Nguo zao zilikaa kwenye rafu yangu mwaka mzima. Nilizikunjua nikazikunja, nikazikunjua nikazikunja, zisishike ukungu. Nguo inaoshwa ikarudi, bibi harusi. Mtu nitamwosha kwa sabuni gani?"

Kisha akarudi kupangusa. Mimi nikachukua kitambaa kingine. Nilidhani naishi na mwanamke mkaidi. Naishi na mwanamke jasiri, na ni vigumu kweli kuosha vyombo vya mtu wa namna hiyo huku umenuna.

Machi 26

Magunia yameingizwa ndani! Mkuu kachoka kumwona benchini. Mama kasema yananuka ukungu hadi mlangoni, lakini yako ndani. Tumekunywa chai ya maziwa kwa furaha.

Machi 30

Mzee Kunyanzi kaja duka la dawa kununua dawa ya kikohozi na kulalamika kwamba chupa imekuwa ndogo. Akaingilia la shati. Akasema dobi kamfanya mtumwa wa fulana.

Mdomo huponza kichwa, lakini leo niliuacha uponze. Nilimwambia, "Mzee, mama mkwe wangu ameulizwa duara jeusi ni nani. Kaulizwa mpaka kulala ndani. Duara jeusi ni wewe."

Akaniuliza duara gani. Nikazunguka kaunta, nikamwomba radhi, nikageuza kola ya koti lake na kumwonyesha kwenye kioo cha kujaribia miwani. Alilitazama muda mrefu.

"Limekuwepo siku zote?"

"Siku zote."

"Na hakusema?"

"Hakusema lako, wala la yeyote."

Alilipa chupa bila kuhesabu chenji. Hiyo peke yake ingetosha kuandikwa.

Aprili 1

Mama Pacha katuwekea ngazi upande wake pia, ili mama ashuke vizuri.  

Aprili 4

Nimechoka lakini nitaandika yote.

Asubuhi mama na mimi tuliruka ukuta kama kawaida, twende kituoni. Uani kwa Mama Pacha kulikuwa na watu. Nilidhani wamekuja kudai. Mzee Kunyanzi alikuwa mbele, koti limefungwa vifungo vyote, mwavuli mkononi.

"Dobi," akasema, "twende ukadai nguo zako, na sisi tudai zetu."

Mama akamwambia, "Rudini nyumbani. Watawahoji. Mtaandikwa majina."

"Jina langu limeandikwa serikalini kwa mwandiko wangu mwenyewe tangu ujana. Watalikuta limenyooka." Kisha akaongeza, maana hawezi kuacha, "Kuliko shati langu."

Tulitembea mvuani. Sitasema walikuwa mtaa mzima, kuna waliochungulia madirishani tu, na siwalaumu. Lakini walijaza korido ya kituo. Mkuu alitoka ofisini akashika kiuno.

Mzee Kunyanzi akamsogelea, akavua koti, akaligeuza kola nje. "Duara jeusi ni mimi," akasema. "Nahitaji shati langu. Na ningependa kujua ni nani alilichanganya na mashuka mabichi."

Mama Pacha akageuza kola yake: mawimbi ya bluu. Fundi viatu akageuza. Mjane wa nyumba ya ghorofa akageuza kiuno cha sketi pale pale, adabu pembeni. Kila mmoja na kola yake nje, kama darasa zima lililovaa nguo kinyume. Mama mkwe wangu alisimama ukutani na mkoba wake, kaziba mdomo kwa kiganja.  

Mlinzi wa benki alibaki nyuma. Kwake yeye ilikuwa hatari kuliko kwetu sote, maana sare zake ndizo zilizoanzisha mambo. Mwishowe akaja, uso umemtoka jasho, akageuza. Nyekundu tatu.

 Mkuu aligeuza kola ya mlinzi, akageuza ya mzee, akarudi kwenye gunia akalinganisha. Kisha akavuta kiti. "Leteni meza," akawaambia watu wake. "Na mtu awapatie hawa wazee pa kukaa."

Walihojiwa mmoja mmoja. Ilichukua siku. Hakuna aliyezuiliwa. Nguo zilitoka kwenye magunia zikiwa nyeusi kwa ukungu, na kila mtu alipokea zake kwa mikono miwili. Shati la Mzee Kunyanzi lilitoka la waridi, waridi kabisa, limeambukizwa na shuka la mtu. Korido nzima ilimgeukia. Alilitazama, akavua fulana yake, akalivaa pale pale likiwa na unyevu.

"Halina hata kunyanzi moja," akasema.

Mwishoni mkuu aliinua gauni langu la zambarau, lile nililovishwa siku mume wangu alipokuja kuniposa. Akageuza kola. "Jani la kijani?"

"Ni langu."

"Jina, na unapoishi. Nawe ni mteja, chukua uende."

Lilikuwa limepona. Lilikaa katikati ya gunia, hata harufu halikuwa nayo. Nilinyoosha mkono. Kisha nikaona pembeni yake rundo la nguo za mama na za mume wangu, zisizo na alama, ambazo alikwisha sema hazitoki, pamoja na pasi zetu zote.

"Mimi si mteja, afande," nikasema. "Mimi ni wa nyumba ya dobi."

"Basi litabaki na mali ya nyumba hiyo. Sijui mpaka lini."

"Libaki."

Sikumtazama mama. Niliogopa atasema kitu.

Aprili 6

Tunafua. Duka bado lina muhuri, tunafulia uani kwa Mama Pacha, kwa mkono, nguo zilezile za watu zilizotoka kituoni. Bure. Nilimwambia si sisi tuliozichafua. Kasema yeye alizipokea chafu mara moja, hajazirudisha safi. Wateja wanakuja kukamua. Mzee Kunyanzi anasimamia.

Aprili 17

Muhuri umetolewa. Kijana wa kituoni alituambia nyumba yetu haina tatizo tena, akaondoka. Mlango wa mashine umepinda, paa lina matundu, pasi zimerudishwa pungufu mbili. Mama alimwuliza ni nani atakayelipa. Akasema aandike barua.

Aprili 18

Kaandika, kwa mkono wa Mzee Kunyanzi, mwandiko wa serikali. Kila tundu la bati limo.

Aprili 29

Hakuna jibu. Mama anaenda kuuliza kila Jumatatu. Mkuu wa operesheni kahamishwa. Mpya hajui lolote, lakini benchi analijua, maana tayari amemkuta juu yake.

Mei 8

Leo limewaka jua la kweli. Mume wangu kafika juzi, kaziba paa kwa mabati ya mkopo, na jana mama alimfanya aombe radhi kwa ile simu. Nguo za nyumba zimerudi. Gauni langu halikuwemo. Hakuna anayejua lilipokwenda. Nililia kidogo nyuma ya kamba, nikanawa uso.

Niliporudi ndani nilimkuta mama amekaa kwenye kaunta, miwani puani, nguo zangu zote mapajani: gauni la kazini, la kulalia, sketi, hata koti. Ana sindano, anafumua majani ya kijani. Nyuzi zilikuwa zimejaa sakafuni.

 Nikakumbuka: mpaka ahame au afe. Nikadhani kuna kosa nimefanya, kwamba kwa ile siku ya kituoni nilijitia mahali nisipoitwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Mteja huyu kahama," akasema, bila kuinua macho.

"Kahamia wapi?"

Akakata uzi kwa meno, akalishika gauni la kazini kwa vidole vyake, akalipapasa kola, pindo, mkono, taratibu, mtu anayejifunza kitu asikisahau. Kisha akaliweka juu ya rundo lake na la mwanawe.

"Hapa, mwanangu," akasema. "Haya, anika hizo, jua hili halitusubiri."